Kofia Ngumu Huchaguliwa kwa Kichwa, Si kwa Macho

Hotuba kwa madereva wa bodaboda na abiria wao

Ndugu mwenyekiti wa kijiwe, viongozi wa umoja, ndugu madereva, nanyi abiria mliokubali kusimama juani kutusikiliza, habari za asubuhi.

Kofia ngumu tumezoea kuizungumzia kama jambo la trafiki. Trafiki akionekana, inapanda kichwani. Akiachwa nyuma, inarudi kwenye kiwiko. Leo tumwache trafiki apumzike, tuizungumze kofia yenyewe: imetengenezwaje, ipi ni ya kweli na ipi ni pambo, na utajuaje kwamba hii inakifaa kichwa chako wewe, si cha mwenzako.

Hapa mezani ziko mbili, zimepasuliwa kwa msumeno kuanzia usoni hadi kisogoni. Kabla ya kupasuliwa zilifanana: nyeusi, zinang'aa, zote na kioo, zote na stika. Pitisheni mikononi mzitazame kwa ndani. Ya kwanza ina ganda, chini ya ganda kuna povu gumu jeupe nene kama sentimita 3, ndipo ije sponji na kitambaa. Ya pili ina ganda, sponji ya godoro, na kitambaa. Povu gumu lipo kipande kimoja tu utosini, ukubwa wa kiganja. Kwenye paji la uso, kwenye panja na kisogoni hamna kitu.

Watu wengi hudhani ganda ndilo linalokinga. Ganda lina kazi yake: linazuia kitu chenye ncha kisipenye, linasambaza pigo lisitue sehemu moja, na linateleza kwenye lami badala ya kunasa. Lakini kinachopunguza kasi ya kichwa ni lile povu, ambalo ni polistirini, jamaa wa lile linalofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Punje zake zikipigwa hupondeka na kubaki zimepondeka, na katika kupondeka huko ndiko nguvu ya pigo inakoishia. Sponji ya godoro haina uwezo huo. Inalala mara moja, fuvu linakutana na ganda, na ganda limeshakutana na barabara.

Hesabu yake si ngumu. Kichwa kinachoshuka kwa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa, kikipewa sentimita 3 za kusimamia, nguvu ya kukisimamisha inakuwa kadiri ya mara 95 ya uzito wake. Kipe milimita 3 tu, kama inavyotokea kwenye ile kofia ya pili, nguvu inapanda hadi kadiri ya mara 950. Fuvu linaweza lisipasuke, lakini ubongo ulio ndani unaendelea na safari mpaka ugonge mfupa.

Kasi hiyo ya mita 7.5 kwa sekunde haikuokotwa. Ndiyo inayotumika katika Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa kuangushia kofia juu ya chuma, sawa na kuiachia kutoka urefu wa karibu mita 2.9. Hapo dereva huuliza: mimi nakwenda 60, mbona kofia inapimwa kwa 27? Swali zuri. Ukianguka, kichwa kina mwendo wa namna mbili, wa mbele na wa kushuka. Ule wa mbele, ukiwa na bahati ya kutokutana na kitu, unaisha kwa kuburuzika na kubingirika. Kinachokipigiza kichwa kwenye lami ni mwendo wa kushuka, nao hautegemei pikipiki ilikuwa 60 au 20. Kichwa cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki kiko kama mita 1.5 kutoka chini. Kikidondoka kutoka hapo kinafika barabarani kwa karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama. Kwa hiyo ile "nafika hapo tu, bosi" haina maana yoyote kwa lami. Ukirushwa moja kwa moja kwenye nguzo au ubavuni mwa lori hesabu ni nyingine, na hakuna kofia inayokuahidi usalama kwenye pigo la kilomita 80. Anayekuambia ipo anauza.

Faida yake imeshapimwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikuta kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko bodaboda. Mwaka 1935 daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, alikuwa miongoni mwa waliomtibu T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, baada ya ajali ya pikipiki. Lawrence alikufa. Cairns akaanza kuchunguza majeraha ya vichwa vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo. Jeshi la Uingereza liliwalazimisha matarishi wake wa pikipiki kuvaa kofia mwaka huohuo. Raia wa kawaida wa Uingereza walilazimishwa kisheria mwaka 1973. Tusijione sisi peke yetu ndio wabishi.

Sasa tuingie dukani.

Anza na mkono. Ishike kofia, isikie uzito. Kofia ya kweli inayofunika uso mzima huwa kati ya kilo 1.2 na 1.6 hivi. Ikiwa chini ya nusu kilo, irudishe kwenye rafu bila mjadala. Kisha ingiza vidole, fungua kitambaa cha ndani. Nyingi zina vibonyezo, kinatoka bila kuharibika. Muuzaji akikataa usifungue, hiyo nayo ni habari. Tafuta povu gumu, na ulitafute kote: paji la uso, panja mbili, utosi, kisogo. Libonyeze kwa ukucha wa dole gumba. Lisizame kama godoro, liwe gumu na libaki na alama ndogo ya ukucha. Unene wake uwe kama sentimita 2.5 kwenda juu. Kwa nje, pasiwe na kitu kigumu kilichochomoza zaidi ya milimita 5, maana kinachochomoza hunasa barabarani na kuizungusha shingo. Yale mapembe ya plastiki na manyoya yaliyokazwa kwa skrubu yaacheni kwenye picha.

Kofia ya mjengo haihusiki hapa. Ile imetengenezwa kwa ajili ya tofali linalodondoka kutoka juu, haina kinga ya ubavuni na haina mkanda wa kuizuia isichomoke. Ya baiskeli nayo si mbadala.

Alama. Kofia iliyopitishwa kwa Kanuni namba 22 ina lebo ya kitambaa iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Si stika kisogoni, ni lebo iliyoshonwa. Ina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi. Namba hiyo haisemi kofia ilitengenezwa wapi, inasema nani aliipitisha. Chini yake kuna mfululizo wa tarakimu. Mbili za kwanza ni toleo la kanuni, 05 au 06. Toleo la 06 lilianza kutumika mwaka 2021 na limeongeza mapigo ya kasi nyingine pamoja na kipimo cha pigo la mshazari, lile linalokizungusha kichwa. Ya 05 iliyo nzima, inayokukaa vizuri, bado ni kofia ya maana. Msiitupe kwa sababu ya tarakimu moja.

Baada ya tarakimu hizo kuna mkwaju (/) na herufi, na hapa ndipo wengi wanapopita bila kutazama. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga. J maana yake kofia iko wazi usoni, haina kinga ya kidevu. P/J ni ile ya kufunua, iliyopimwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. NP ndiyo ya kuangalia sana: ina kipande cha kidevu, ukiiona utadhani inafunika uso mzima, lakini kipande hicho hakikingi. Ni plastiki ya kuzuia upepo. Mtu anaanguka kifudifudi akijua ana kinga, kumbe hana.

Za Marekani zina neno DOT, kifupi cha Wizara ya Uchukuzi ya huko. Tangu mwaka 2013 haitoshi DOT peke yake. Lebo ya nyuma lazima iwe na jina la mtengenezaji au chapa, modeli, neno DOT, maneno FMVSS No. 218, ambayo ni kiwango cha Marekani cha kofia za pikipiki, na neno CERTIFIED. Ukiona herufi tatu tupu kwenye stika inayobanduka kwa ukucha, stika hizo huuzwa zenyewe. Alama ya shirika la viwango, TBS la Tanzania au KEBS la Kenya, itafute pia, kisha fanya jaribio la ukucha hata kama alama zote zipo. Lebo inaweza kughushiwa kwa urahisi kuliko povu.

Sitataja bei. Waingereza wana mpango wao wa kupima kofia unaoitwa SHARP, ulianza mwaka 2007, unatoa nyota 1 hadi 5, na ndani yake zimo kofia za bei nafuu zilizopata nyota nyingi kuzidi za bei kubwa. Kuanzia kiwango fulani, fedha ya ziada inanunua wepesi, ukimya na rangi.

Tuje kwenye kipimo, na hapa nitakaa, kwa sababu kofia bora isiyokukaa inachomoka kichwani kabla lami haijafika.

Chukua futi ya fundi cherehani. Izungushe kichwani sentimita 2.5 juu ya nyusi, ipite juu ya masikio, ipite pale kisogo kilipojitokeza zaidi. Pima mara 3, chukua kipimo kikubwa. Kwa kawaida 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, 61 hadi 62 ni XL. Kila kiwanda kina tofauti zake, kwa hiyo soma sentimita zilizoandikwa ndani, usisome herufi tu. Ukiwa katikati ya saizi mbili, anza na ndogo.

Kuivaa: shika mikanda yote miwili, ivute kwa nje upande huu na huu, kisha ishushe kofia kuanzia mbele. Itakubana ikipita masikioni, ni kawaida. Ikishakaa, ukingo wa juu uwe karibu na nyusi, sio katikati ya paji. Mashavu yasukumwe kidogo. Ukijaribu kutafuna, utajiuma mashavu kwa ndani. Hiyo ndiyo mpya inayofaa. Sponji za mashavuni hulegea baada ya wiki kadhaa za kuvaliwa, kwa hiyo inayokuwa raha dukani itakuwa bwelele mwezi ujao. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mtu anachagua kofia kama anavyochagua malapa, inayoingia kirahisi ndiyo anayolipia.

Sasa ishike kwa mikono miwili, izungushe kushoto na kulia huku kichwa kimetulia. Ngozi ya paji na ya mashavu ifuatane na kofia. Kofia ikizunguka na ngozi ikabaki palepale, ni kubwa. Ingiza kidole kati ya paji na sponji. Kikiingia bila kazi, ni kubwa. Kisha funga mkanda, inamisha kichwa, mwombe mwenzako aweke vidole chini ya ukingo wa nyuma, kisogoni, aivute kwenda juu na mbele kwa nguvu. Asikuonee huruma. Ikikutoka, isingekusaidia barabarani. Katika kipimo cha Kanuni namba 22 kazi hiyo hufanywa na uzito wa kilo 10 unaodondoka nusu mita, na kofia hairuhusiwi kuzunguka zaidi ya nyuzi 30.

Usitoke dukani bado. Kaa nayo dakika 10 hadi 15, piga soga na muuzaji. Ukiivua, jitazame kwenye kioo. Wekundu ulioenea sawasawa hauna neno. Alama moja nyekundu katikati ya paji, pamoja na maumivu, inamaanisha umbo la ndani ni la duara na kichwa chako ni kirefu kwenda nyuma. Ikiuma kwenye panja na mbele ikawa na nafasi, ni kinyume chake. Usichukue saizi kubwa ili kuponya maumivu hayo. Tafuta modeli nyingine ya saizi ileile. Kukwangua povu kwa kisu ili pasikubane ni kuondoa zile sentimita 3 mahali ambapo mfupa wako umelalia.

Dada zangu wenye rasta na wenye ushungi, pimeni mkiwa mmesuka au mmejifunga vile mtakavyosafiri. Nywele zishuke kisogoni. Fundo la utosini linainyanyua kofia, mbele inabaki wazi. Ushungi mwembamba uliobana kichwa unakaa vizuri ndani ya kofia, ila pini za chuma zitoke. Kilemba kikubwa hakiwezekani, kivuliwe au kiwekwe kwenye mkoba.

Mkanda. Upana wake usipungue sentimita 2, na ribiti zake ziingie kwenye ganda, si kwenye kitambaa. Wenye pete mbili ndio wa kudumu, lakini wengi wanaufunga vibaya, kwa hiyo tazameni mkono. Pitisha ncha ya mkanda ndani ya pete zote mbili. Zitenganishe pete. Rudisha ncha juu ya pete ya nje, ipenye pete ya ndani peke yake. Vuta mpaka kati ya mkanda na koo paingie vidole viwili, visizidi. Kile kibonyezo kilicho mwishoni mwa mkanda ni cha kuzuia ncha isipepee. Si kufuli. Kuna watu wamekibonyeza hicho peke yake miaka nenda rudi.

Kwenye klipu ya meno kosa ni jingine. Meno yanarekebisha kidogo tu. Urefu wenyewe unawekwa kwenye kibana kilicho juu ya mkanda, siku ya kwanza. Wengi hawajakigusa tangu dukani, ndiyo maana mikanda inaning'inia hadi kifuani ikisubiri upepo. Na klipu ya plastiki iliyokatika usiifunge kwa kamba. Kama haina spea, kofia imekwisha.

Kioo kiwe angavu kwa anayefanya kazi usiku. Kile cheusi ni cha mchana. Kilichochubuka kinatawanya taa za gari linalokuja, ukapofuka kwa sekunde mbili, kwa hiyo badilisha kioo, si kofia. Wadudu waloweshe kwa kitambaa chenye maji dakika chache ndipo ufute. Ukisugua kikavu, vumbi linakuwa msasa. Rangi ya kofia nayo ina uzito. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta waliovaa nyeupe walikuwa na hatari ndogo ya ajali kwa asilimia 24 kuliko waliovaa nyeusi. Isitoshe, nyeupe haichemki juani kama nyeusi.

Kofia ya abiria. Hii huwa moja, kubwa, inanuka jasho la watu kumi, na abiria anaikataa. Ana haki ya kuikataa harufu, hana faida ya kuikataa kofia. Dereva anayebeba watu wazima achukue ya wazi usoni, saizi ya kati, yenye povu kamili na mkanda unaorekebika haraka. Inakinga kidogo kuliko ya uso mzima, lakini inayovaliwa ni bora kuliko inayoning'inia. Beba vikofia vya plastiki vya kuogea au kitambaa chepesi cha pamba kwa kila abiria. Mfunge mkanda wewe mwenyewe kabla ya kuwasha. Mtoto hatoshi kwenye kofia ya mtu mzima hata ukijaza kanga ndani. Kanga haipondeki kama povu, na uzito ule unaielemea shingo yake. Awe na yake, iliyopimwa kwa futi.

Matunzo ni machache. Osha sponji na ganda kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kausha kivulini. Petroli na thina huyeyusha polistirini, kwa hiyo kufutia kofia kwa kitambaa cha gereji, au kuipulizia rangi, ni kuiua bila kuonekana. Usiitundike kwenye saiti mira. Ncha ya kioo inatoboa povu mahali palepale kila siku. Usiikalie, usiiweke karibu na ekzosi. Simu iliyochomekwa kati ya shavu na sikio ni jiwe ulilojiwekea mwenyewe kwenye panja.

Ikishapata ajali ukiwa umeivaa, imemaliza kazi, hata kama ganda halina mkwaruzo. Ganda la plastiki hurudi umbo lake, povu lililopondeka halirudi. Hii ndiyo sababu ya kutonunua ya mtumba: hujui nani alishaanguka nayo. Isiyopata ajali ipe miaka 5 ya matumizi, na ya bodaboda inayovaliwa kutwa ikague mapema zaidi: mkanda uliochanika nyuzi, povu lililoachana na ganda, sponji zisizobana tena. Tarehe ya kutengenezwa huwa ndani, chini ya sponji au kwenye lebo ya mkanda.

Siku ya kuitupa, kata mikanda yote miwili kwa kisu karibu na ribiti, kisha andika AJALI kwa kalamu nene kwenye povu la ndani. Ukiiacha nzima jalalani, kesho kutwa itakuwa imepakwa rangi na kuwekwa kioo kipya, inauzwa.